Naomba ushauri: harufu kali ya ekzosi ndani ya gari

Ndugu wanajamvi, naishi Moshi (mji, si huo moshi ninaoulalamikia) na gari langu la petroli linanuka ekzosi ndani, hasa ninapokuwa kwenye foleni au ninapopanda polepole kutoka Himo kwenda Marangu. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, husikika mlio wa tiki-tiki unaopotea baada ya dakika chache, na penye maungio ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini) nimeona masizi meusi. Fundi alitaka kubadilisha sailensa nzima, jambo ambalo halikuniridhisha. Je, ni gasketi (kizibo chembamba kati ya injini na manifoldi) iliyoungua au manifoldi yenyewe ina ufa, na nitatofautishaje kabla ya kufungua? Kwa kuwa kaboni monoksaidi (gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosi) yenyewe hainuki na huua, kwa sasa naendesha vioo vikiwa wazi, baridi hii yote.