Nobel ya artemisinini inathibitisha nini hasa kuhusu tiba ya Kichina?

Mchokoo
Wakuu, heshima mbele. Kila mjadala wa tiba ya Kichina ukianza, upande mmoja unatupa turufu ileile: Tu Youyou, mtafiti wa Uchina, alipewa Nobel ya Tiba mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyoanzia kwenye kitabu cha kale, basi tiba ya Kichina ni sayansi. Upande wa pili nao unajibu kwamba qi (nguvu ya uhai) na meridiani (njia zake mwilini) hazijawahi kuonekana kwa kipimo chochote, basi yote ni utapeli. Naona wote wanaruka hatua.

Wanaojua watusaidie. Nobel ile inathibitisha nini, na haithibitishi nini? Sindano za Kichina (akupancha) zinapimwaje, ikiwa huwezi kumchoma mtu bila yeye kujua? Na ile hoja ya "imetumika miaka elfu mbili, ingekuwa na madhara tungeshajua" ina uzito gani? Naomba majibu yenye namba. Siasa za Uchina na Marekani tuziache mlangoni.

Mfamasia wa Zamu
Nianze na Nobel, maana wengi wanaitaja bila kufuata kilichofanyika maabara.

Mradi uliitwa 523 kwa kuwa ulizinduliwa tarehe 23 mwezi wa 5, mwaka 1967. Shabaha yake ilikuwa ya kijeshi: wanajeshi wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanaangushwa na malaria iliyokwisha kuwa sugu kwa klorokwini. Tu aliingia 1969. Timu yake ilipekua matayarisho zaidi ya 2,000 ya mitishamba, 640 yakaonyesha dalili ya kufaa, kisha dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200 zikajaribiwa kwa panya wenye malaria. Karibu zote hazikufika popote. Hapo wapenzi wa turufu huwa wanapita haraka. Kama qinghao, mmea uliotoa artemisinini, ni ushindi wa vitabu vya kale, basi hiyo mimea mingine nayo iandikwe kwenye daftari lilelile.

Qinghao yenyewe (Artemisia annua) ilianza kwa kusuasua. Dondoo la mwanzo lilizuia vimelea kwa asilimia 68 hivi, waliporudia jaribio matokeo yakashuka. Tu akarudi kwa Ge Hong, mwandishi wa karne ya 4. Maelekezo yake ni mafupi: konzi moja ya qinghao, loweka katika sheng mbili za maji (kwa vipimo vya enzi ile ni kama mililita 400), kamua, kunywa yote. Hakuna neno chemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio unaoua dawa, akahamia kwenye etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, tena akatumia majani badala ya mashina. Kisha akalitenga dondoo mafungu mawili: lenye asidi, ambalo lilikuwa na sumu na halikuwa na kazi, akalitupa, lisilo na asidi akabaki nalo. Oktoba 1971 fungu hilo likafuta vimelea kwa asilimia 100 kwa panya, halafu kwa kima. Mwaka 1972, baada ya watafiti wenyewe kulinywa kupima usalama, likapewa wagonjwa 21.

Sababu ya kikemia ilikuja kueleweka baadaye. Molekuli ya artemisinini ina daraja la atomu mbili za oksijeni. Kimelea kinapokula hemoglobini, madini ya chuma yanayobaki hulivunja daraja hilo, na vipande vinavyotokea ndivyo vinavyokiua. Daraja likivunjika mapema jikoni, umebaki na maji ya majani.

Sasa jibu la swali lako. Kitabu kilitoa kidokezo cha kweli kuhusu mmea na namna ya kuuandaa, na hilo ni jambo kubwa. Nadharia yenyewe, kwamba qinghao ni "baridi" na hivyo hufukuza "joto", haikusema tumia etha, haikusema tupa fungu la asidi, haikutabiri daraja la oksijeni. Nobel imethibitisha mmea mmoja na mbinu moja. Ile mimea mingine bado inasubiri kupimwa mmoja mmoja.

Nyongeza kwa ndugu zetu wanaokunywa chai ya atemisia. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hutofautiana shamba hadi shamba. Kuna jaribio lililofanyika Kongo DRC kwa wagonjwa 132, likachapishwa 2004: siku ya 7 waliopona kwa chai walikuwa wastani wa asilimia 74, wa kwinini 91, na baadaye malaria ikawarudia wengi wa upande wa chai. Artemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Ndiyo maana ALu inaitwa dawa mseto: artemetha inapunguza vimelea kwa kasi, lumefantrini inabaki kwa siku kadhaa kumalizia waliosalia. Vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai wala unga wa majani hayo.

Takwimu Tupu
Sindano. Swali la Mchokoo ndilo lililowasumbua watafiti kwa miaka, na lina majibu mawili.

La kwanza ni sindano ya kuigiza. Mwaka 1998 Konrad Streitberger wa Heidelberg alionyesha sindano yenye ncha butu ambayo ukiisukuma inaingia kwenye mpini wake, kama kisu cha maigizo. Mgonjwa anahisi mchomo wa ncha kwenye ngozi na anaona sindano imefupika, akaamini imeingia. La pili ni kuchoma kweli, ila juujuu na mahali ambapo ramani ya Kichina inasema hapana kitu.

Wajerumani walitumia njia hiyo ya pili katika jaribio kubwa la maumivu ya kiuno lililochapishwa 2007, watu 1,162, makundi matatu. Kundi la kwanza sindano halisi, zinazoingia milimita 5 hadi 40 kwenye pointi za Kichina. La pili milimita 1 hadi 3, nje ya pointi. La tatu dawa, fiziotherapia na mazoezi kama miongozo inavyotaka. Vikao 10 vya nusu saa, na nyongeza ya 5 kwa waliopata nafuu kiasi. Baada ya miezi sita walionufaika walikuwa: sindano halisi asilimia 47.6, sindano za juujuu 44.2, tiba ya kawaida 27.4.

Kila upande ulichukua namba inayoupendeza. Waganga wa sindano wakasema tumewashinda madaktari karibu mara mbili. Wapinzani wakasema halisi na ya kuigiza hazitofautiani. Zote ni kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Ile 47.6 dhidi ya 44.2 inapima nadharia: je, pointi na kina cha sindano vina maana? Kwa data hizi, hakuna tofauti ya kujivunia. Ile 47.6 dhidi ya 27.4 inapima huduma nzima: kulala nusu saa, kuguswa, kusikilizwa, kutarajia kupona. Na hiyo 27.4 nayo isichukuliwe kavukavu. Watu wa kundi la tatu walijua fika kwamba hawakupata sindano, wengi wakiwa walishajaribu vidonge na mazoezi bila mafanikio. Anayejua amekosa anachokitaka huwa anajaza dodoso kwa uchungu.

Uchambuzi wa Vickers na wenzake wa 2018, uliokusanya wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39 ya maumivu sugu, unaonyesha sura hiyohiyo: tofauti kubwa kiasi dhidi ya wasiochomwa, ndogo dhidi ya kuigiza. Ndogo, lakini si sifuri, na hapo ndipo mabishano ya kweli yalipo sasa. Mgonjwa anaweza kufichwa, anayechoma hafichiki. Je, hiyo tofauti ndogo ni ya sindano au ya sauti na uso wa mchomaji?

Angalizo moja kwa wanaopenda kumwaga tafiti za Kichina humu. Vickers huyohuyo mwaka 1998 aliangalia majaribio ya sindano kwa kila nchi, akakuta yaliyotoka Uchina yote yametoa jibu chanya. Yote! Hata dawa nzuri kabisa haishindi kila mechi. Kwa kawaida maana yake ni kwamba yaliyoshindwa yamebaki kabatini.

Shina la Mti
Nawasoma kwa makini, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Lakini mnapima kwa rula ya mwenzenu. Tiba yetu haitoi dawa moja kwa ugonjwa mmoja. Wagonjwa wawili wa tumbo hilohilo wanapewa michanganyiko tofauti kulingana na ulimi, mapigo na hali nzima. Ukitoa kidonge kimoja kwa watu 500, umepima kitu ambacho hakuna mganga anayekifanya.

Tena mchanganyiko wenyewe hupimika. Mfano ni saratani ya damu aina ya APL. Harbin miaka ya 1970, Zhang Tingdong na wenzake walianza na dawa ya kienyeji yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura. Wakachuja, wakaona aseniki ndiyo yenye kazi. Mwaka 2000 Marekani ikaiidhinisha. Sawa, hapo mtasema ni kama artemisinini. Lakini kuna vidonge vya Huangdai, vyenye realgari (madini ya aseniki), unga wa nili, na mizizi ya danshen na taizishen, vyote vinne kwa pamoja. Mwaka 2013 vililinganishwa na aseniki ya mshipani, makundi yote mawili yakipewa ATRA (dawa ya jamii ya vitamini A), na havikuwa duni. Mgonjwa anameza nyumbani badala ya kulala wodini.

Takwimu Tupu
Mkuu Shina la Mti, Huangdai ni mfano safi na ninaupokea. Ila umekuangukia mwenyewe: walipewa mchanganyiko mmoja kwa ugonjwa mmoja, uliotambuliwa kwa vipimo vya damu. Ulimi haukuangaliwa.

Kuhusu kila mgonjwa na dawa yake, hilo limepimwa. Australia, 1998, wagonjwa 116 wa utumbo wenye msokoto sugu. Kundi moja mchanganyiko wa kushonewa kila mtu, jingine mchanganyiko mmoja kwa wote, la tatu plasebo (dawa bandia isiyo na kazi), wiki 16. Makundi yote mawili ya dawa yaliishinda plasebo. Wiki 14 baada ya kuacha, ni wale wa kushonewa tu ambao nafuu yao ilidumu. Ni utafiti mmoja mdogo, lakini unaonyesha kwamba "haipimiki" si kweli: mganga anaandika anachotaka, mfungaji dawa peke yake ndiye anayejua nani kapata plasebo.

Tatizo lako kubwa liko kwingine. Watafiti wa Maryland, Marekani, waliwapeleka wagonjwa 40 wa baridi yabisi kwa waganga watatu wa Kichina, kila mganga peke yake. Walikubaliana utambuzi kwa karibu theluthi moja tu. Kama utambuzi unategemea umeingia chumba gani, dawa ya kushonewa imeshonwa kwa kipimo cha nani?

Bi Maabara
Nijibu ile ya miaka elfu mbili, wakubwa zangu mmeipita.

Uzoefu wa vizazi hugundua sumu inayoua leo. Mzizi wa fuzi (Aconitum) una akonitini: midomo inakufa ganzi, moyo unapoteza mpangilio, yote ndani ya saa chache. Kwa hiyo desturi ikajifunza kuuchemsha mapema na kwa muda mrefu kabla ya dawa nyingine, na kikemia ni sahihi, moto na maji huivunja akonitini ikawa hafifu. Hapo wazee walijua.

Sumu ya mmea wa Aristolochia haikugundulika hivyo. Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza uzito iliongeza mitishamba ya Kichina kwenye vidonge vyake. Ilitakiwa iwe Stephania tetrandra, fangji ya aina ya "han". Ikaingia Aristolochia fangchi, fangji ya aina ya "guang". Jina la biashara linakaribiana, mzizi uliokatwa unafanana. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Baadaye 39 kati yao walitolewa figo na mirija ya mkojo kwa tahadhari, na 18 wakakutwa na saratani. Asidi ya aristolokia hujibandika kwenye DNA, makovu ya figo huja kimyakimya na saratani hufuata baada ya miaka. Ni mganga gani ataunganisha saratani ya leo na chai ya muongo uliopita? Mmea umetumika karne nyingi, na kilichoubaini ni madaktari wa figo waliokuta kesi zinazofanana mahali pamoja.

Mchokoo
Shukrani wote. Bi Maabara, anayetumia tayari na hataki kuacha, aangalie nini?

Bi Maabara
Lebo iwe na jina la Kilatini la kila mmea na sehemu iliyotumika, namba ya toleo, na namba ya usajili ya mamlaka ya nchi yako. "Fangji" au "mu tong" (jina jingine la mitishamba linalochanganywa) bila jina la Kilatini, usinunue. Unga usio na lebo, hivyohivyo.

Ukiona maumivu ya viungo yametoweka usiku mmoja, uso unavimba na njaa imezidi, shuku deksamethasoni (dawa ya steroidi) imechanganywa humo. Usiikate ghafla kama umeitumia wiki nyingi, nenda na chupa yenyewe hospitali.

Unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda)? Mizizi ya danshen na danggui weka kando, damu inazidi kuwa nyepesi. Una presha? Gancao, ile mizizi mitamu, huipandisha na kushusha potasiamu, na imo kwenye michanganyiko mingi kama kilainisha ladha. Kreatinini (kipimo cha figo), ALT (kipimo cha ini) na mkojo pima kabla ya kuanza, maana bila kipimo cha mwanzo daktari hatajua kama figo zimeharibiwa na dawa au zilikuwa hivyo tangu zamani.