Tupeane uzoefu: wenye macho ya manjano ya Gilbert, mnaishije?

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, Kariobangi. Tangu kidato cha tatu macho yangu hugeuka manjano, yakatakata, kisha yakageuka tena. Nimeitwa mlevi na watu ambao hawajaniona na chupa hata siku moja.

Nilipopimwa, homa ya ini B na C hazikuwepo, damu ilikuwa ya kutosha, picha ya tumbo safi. Kilichopanda ni bilirubini peke yake: 44, na kikomo cha maabara ile ni 21. Daktari akasema ni Gilbert, jina la tabibu Mfaransa aliyeieleza mwaka 1901. Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, zikaacha rangi ya manjano, ndiyo hiyo bilirubini, na ini huisafisha itoke pamoja na nyongo. Kwetu kimeng'enya cha kazi hiyo kina nguvu kama thuluthi tu. Tumerithi kwa wazazi. Haiambukizi, haiharibu ini, haihitaji dawa.

Lakini Januari, msimu wa sare za shule, nikishinda na njaa mpaka saa tisa, mteja hunitazama machoni kabla hajatazama nguo yake. Hilo ndilo linaloniuma. Nyinyi je?

Mama wa Umoja: Pole mwanangu. Wangu ana miaka 16, yuko bweni. Muhula uliopita alipata mafua, akakosa hamu ya kula siku mbili, macho yakaiva. Wakamtenga, wenzake wakakataa kutumia kikombe chake, kisha akarudishwa nyumbani. Alishuka kwenye matatu amevaa kofia imefunika mpaka nyusi. Nililia, sifichi. Nilirudi naye shuleni na barua ya daktari, nikaisoma kwa sauti mbele ya matroni.

Eastleigh: Mimi Ramadhani ndiyo hunifichua. Njaa na kiu hupandisha, na usingizi nao ni mchache. Nafunga yote, Alhamdulillahi, daktari wangu hana pingamizi. Daku siikosi: viazi, mayai, maji ya kutosha. Bado kuna anayeninong'oneza kila mwaka niende nikapimwe.

Sitaji mtaa: Niko kwenye ARV. Walinibadilishia dawa nikawekwa kwenye atazanaviri, macho yakawa manjano wiki chache baadaye. Nikaogopa jirani atajua, nikakaribia kuacha vidonge. Muuguzi akanieleza kuwa dawa hiyo hukizuia kimeng'enya hikihiki, na mimi tayari ninacho kidogo. Ini langu lilikuwa zima. Tafadhali, mwenye hali kama yangu asiache dawa kimyakimya, aende kliniki aulize.

Fundi (mwenye mada): Asante dada, umenifumbua macho. Naongeza jambo moja kwa uzito: mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, au ukashikwa na homa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, usiseme ni Gilbert yangu ile ile. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kila daktari mpya mwambie mapema, kwa sababu dawa chache, zikiwemo za saratani, huenda zikahitaji kubadilishiwa kipimo kwa watu wetu. Mama, kijana anaendeleaje?

Mama wa Umoja: Amefungua Jumatatu. Barua iko chini ya sanduku, na juu yake nimepanga ndizi na mandazi ya wiki nzima. Kofia ameiacha nyumbani mwenyewe.