Hewa ya ndani ya ndege: je, tunavuta ile ile tuliyoitoa?

Mkazi wa Uyole
Shikamooni wakubwa. Mwezi ujao nitamsindikiza mama, ambaye ana pumu, kutoka uwanja wa Songwe, hapa kwetu Mbeya, hadi Dar es Salaam, kisha Mumbai kwa matibabu. Kwa kuwa madirisha ya ndege hayafunguliwi, je, abiria huvuta hewa ile ile kwa saa zote hizo? Na anayekohoa viti vya mbele, hatawafikia walio nyuma?

Fundi mstaafu
Marahaba. Hewa hubadilishwa muda wote. Katika jeti nyingi, hewa ya nje huvutwa na injini, hushindiliwa hadi ikapata joto kali, na huchotwa kabla haijafika mahali mafuta yanapowaka. Hupozwa, kisha huchanganywa, takriban nusu kwa nusu, na hewa ya ndani iliyopita kwenye vichujio vya HEPA, ambavyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Boeing 787 haichoti kwenye injini, bali hutumia kompresa za umeme. Kwa jumla hewa hubadilika mara 20 hadi 30 kwa saa, na haisafiri kutoka mbele kwenda nyuma: huingia juu ya vichwa na kutokea karibu na sakafu, usawa wa safu zile zile. Wa kumhofia, basi, ni jirani wa karibu, na dawa yake ni barakoa. Ila vichujio hivyo havizuii harufu kali ya manukato, na si kila ndege ndogo ya pangaboi inavyo.

Muuguzi, Iringa
Kwa mwenye pumu, mimi ningejali zaidi ukavu na wepesi wa hewa. Unyevu hushuka mara nyingi chini ya asilimia 20, na mgandamizo unaweza kufanana na wa mahali penye mwinuko wa mita 2,400. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Hata hivyo daktari wake amwone kabla ya safari, na dawa ya kuvuta isiwekwe kwenye begi la kupakiwa chini.

Mkazi wa Uyole
Ahsanteni sana. Kitulo mama hupanda kununua viazi, wala hatweti. Kile kitundu cha hewa juu ya kiti, nikifunge?

Fundi mstaafu
Kiache wazi. Kinachotoka pale ni mchanganyiko ule ule uliokwisha kuchujwa. Ukielekeze tu pembeni ya uso wake, kwa sababu baridi nayo huamsha pumu.