Mti wa Krismasi umekauka sebuleni. Tumpe ng'ombe?

MamaKevo_Arusha:
Heri ya mwaka mpya wapendwa. Mti wetu ni sipresi halisi, tuliununua barabarani kule Ngaramtoni. Mapambo nimeshatoa, sasa majani yanapukutika kwenye zulia kila mtoto akipita mbio. Mama mkwe anasema akatiwe ng'ombe, ana mimba kubwa, apate majani kiangazi hiki. Baba Kevo anataka kuuchoma yaishe. Mimi roho inauma, hela imetoka pale. Nikiuchomeka shambani utashika?

Mzee_wa_Kihamba:
Mama Kevo, tuanze na ng'ombe: ASILE. Majani ya sipresi yana kemikali inayomfanya ng'ombe atupe mimba, hasa miezi ya mwisho, na mara nyingi kondo la nyuma nalo hugoma kutoka. Hata yakikauka usiyaamini. Mwambie mama mkwe kwa adabu zote, ila mwambie leo, maana matawi yakilazwa karibu na zizi ng'ombe atajihudumia mwenyewe.

Kushika, hautashika. Mti mkubwa uliokatwa hauoti mizizi kwenye ndoo wala shambani, na hata kisiki chake huko ulikotoka hakichipui kama cha mkaratusi.

Mimi huku Marangu huwa naupapasa mti mzima kwanza, nitoe waya na zile nyuzi za kung'aa. Hizo hazipotei shambani, utakuta jembe linazifukua miaka. Matawi madogo nayakatakata kwa panga, natandaza chini ya kahawa. Hayaozi haraka, na hapo ndipo faida ilipo: Januari na Februari jua ni kali, matandazo yanatunza unyevu mpaka masika yaingie Machi. Usiyarundike kwenye shina, acha nafasi kama kiganja. Watakuja wa kusema sipresi inachachusha udongo. Mti mmoja? Waache waseme.

Shina libandue magome, likauke, lisimamishe ili mpasheni upande juu yake. Chini litaoza baada ya muda, halidumu kama mtarakwa, lakini msimu utavuka.

Baba Kevo akishikilia kuchoma, basi mbali na nyumba na ua. Majani makavu ya sipresi yana mafuta, moto unaruka ghafla.

Dogo_Berlin:
Huku watu wanautoa nje kando ya barabara Januari, gari la jiji linapita kuuzoa bure. Inasagwa vipande, inachomwa kwenye mtambo wa umeme na joto la majumbani. Tembo wa bustani ya wanyama nao wanagawiwa, ila ile iliyobaki sokoni tu. Ya majumbani hawapewi, wanaogopa mabaki ya mapambo.

MamaKevo_Arusha:
Mzee shikamoo, na asante. Matawi nimeyahamishia nyuma ya choo, mbali na zizi. Mama mkwe kanuna kidogo, sasa anauliza: na mbuzi je?

Mzee_wa_Kihamba:
Marahaba. Mwenye mimba mimi simpi, awe mbuzi awe nani. Mkatie lukina, ule mti wa malisho. Na mwakani nunua mche wa kwenye kiriba, ukae sebuleni siku chache tu, halafu uupande mpakani. Usiupande dirishani kwa kuuonea huruma udogo wake: sipresi inapita mita 20.