Mita 3 kwa 4, tunalala wanne

Jameni, niko Goma, Majengo. Nyumba ya mbao, chumba kimoja. Nimekigawa kwa rido (pazia), lakini kitanda kinameza nusu, na mlango ukifunguka unagonga kabati. Nifanyeje?

— Ndugu, anza na mlango. Geuza bawaba ufungukie nje. Kitanda kiinue sentimita 60, masanduku na gunia la unga viingie chini. Kabati uza tu, tundika rafu juu ya mlango.

— Mlango unaofungukia nje bila kibaraza cha bati utaoza kwa mvua. Na mbabula (jiko la makaa) isilale ndani: hewa ya sumu ya makaa haina harufu.

— Asante mama, mbabula inalala nje. Ila mbele ya mlango kuna jiwe la volkano, linafika gotini. Kesho naazima nyundo.