Tupeane uzoefu: wasifu wa mkubwa gani wa Marekani ulikufanya ufunge kitabu ukae kimya?

Msomaji wa Kihonda
Wakuu, juzi nilikuwa napanga sanduku la marehemu kaka, nikakikuta kitabu changu cha kidato cha tano: tawasifu ya Malcolm X, yule mpigania haki za watu weusi wa Marekani, ile aliyomsimulia Alex Haley, ikatoka 1965 mwenyewe akiwa tayari kaburini. Haina jalada, na kurasa za mwisho zilinyofoka tangu bwenini. Tulikuwa tunakisoma kwa zamu, kila mtu usiku mmoja, tochi chini ya shuka. Kile kipande cha gerezani, anavyonakili kamusi neno kwa neno kuanzia herufi A, kilinifanya ninunue kaunta buku langu la misamiati. Kiingereza nilikifaulu kwa ajili ya mfungwa wa Massachusetts.

Miaka mingi baadaye nikaupata wasifu wake ulioandikwa na Profesa Manning Marable, wa 2011. Huyu kachimba faili za polisi, barua, shajara. Anaonyesha kwamba ule uhuni wa ujanani Malcolm aliukuza alipokuwa anausimulia, na kwamba nyumbani kwake hapakuwa na amani tuliyoidhania. Nilifika hapo nikafunga kitabu, wiki mbili sikukigusa. Nilijisikia kama mtu kasimama makaburini kudai deni la marehemu mbele ya watoto.

Na ninyi semeni. Ni nani, ukurasa gani, na je, mliurudia?

Jembe Halimtupi
Naweka kambi hapa.

Mwana wa Unguja
Malcolm si mgeni kwetu. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Abdulrahman Babu wa hapa kwetu alikuwa sahibu yake. Desemba mwaka ule ule Babu akahutubia New York katika ukumbi wa Audubon, Malcolm ndiye aliyemkaribisha jukwaani. Ukumbi huohuo, 21 Februari 1965, ndimo alimopigwa risasi. Miaka 39.

Mie kilichonifungisha kitabu si ndoa yake, ni mamake. Bi Louise, mzaliwa wa Grenada. Mume kafa 1931, watoto wananyang'anywa mmoja mmoja na watu wa ustawi wa jamii, kisha yeye anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kalamazoo. Alikaa humo kiasi cha miaka 24. Nina shangazi yangu aliyepelekwa hivyo hivyo nikiwa mdogo, na nyumbani hatajwi. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kumuuliza bibi habari zake. Bibi alilia, lakini alinieleza.

Ngumi Jiwe
Basi mkuu, kama huyo ulimfungia kitabu, soma habari za Muhammad Ali. Mei 1964 wanakutana Accra, Malcolm anamwita kwa furaha, Ali anampa mgongo kwa kuwa Malcolm keshaachana na Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, kundi la dini walilokuwamo wote wawili. Malcolm hakuishi hata mwaka mmoja baada ya hapo. Uzeeni Ali akaandika kwamba hilo ni moja ya makosa aliyoyajutia kuliko yote.

Nilipofika hapo nikachukua simu nikampigia rafiki niliyenuniana naye tangu 2009 kwa mambo ya uongozi wa msikiti. Hakupokea. Nikapiga na kesho yake.

Mzee wa Magomeni
Ali mnayemsema alitua hapa Dar Februari 1980, katumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa kumwona. Nilikuwa kijana, kwangu hakukuwa na mwanamichezo juu ya Ali, nikaumia mno. Nilipokuja kusoma maisha yake ndipo nikaelewa Mwalimu alichokiona. Mtu aliyekataa kwenda vitani Vietnam 1967, akanyang'anywa ubingwa na miaka yake mizuri ya ulingoni, leo serikali ile ile inamkabidhi ujumbe wake aje kutupa sisi. Na tungesusia, wakimbiaji wetu Bayi na Nyambui wangezipata wapi zile medali mbili za fedha? Mpaka leo hatujaongeza nyingine.

Ngumi Jiwe
Shikamoo mzee. Hili sikulijua, naenda kulitafuta.

Dada wa Zamu
Sikupanga kuandika. Hilo neno la kufunga kitabu ndilo lililonileta.

Mimi ni muuguzi. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, macho yamekula ukungu, kwa hiyo jioni nikitoka kazini nilikuwa namsomea. Mdogo wangu alileta wasifu wa Steve Jobs, yule mwanzilishi wa kampuni ya Apple, ulioandikwa na Walter Isaacson, ule uliotoka 2011 siku chache tu baada ya Jobs kufariki. Baba alimpenda kwa sababu Jobs alitolewa na waliomzaa akalelewa na watu wengine, na yeye baba alilelewa na mjomba. Akamkasirikia pale alipomkana bintiye Lisa hata baada ya vipimo kuonyesha mtoto ni wake. Siku ile alikataa nisiendelee.

Wakati huo baba mwenyewe ana uvimbe kwenye utumbo mpana. Daktari keshasema apasuliwe, na mapema. Baba hataki. Jirani kamletea chupa ya mizizi, anakunywa kikombe asubuhi na jioni, mwezi wa tano huo. Mimi nawahimiza wagonjwa wa watu wodini, nyumbani sina neno. Mtoto wa kike utamwambia nini baba yako?

Basi tukafika pale. Oktoba 2003 Jobs anakutwa na uvimbe kwenye kongosho, wa aina ile adimu inayoweza kutolewa kwa upasuaji. Anakataa. Miezi tisa anakunywa juisi za karoti na matunda, anachomwa sindano za Kichina, mke na marafiki wanamsihi. Niliiona aya inakuja. Nikaruka. Nikaruka kurasa kadhaa nikaangukia Julai 2004, keshapasuliwa.

Baba akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Jana alikuwa mzima, leo ana nyuzi tumboni. Umeruka wapi, mama?"

Mwalimu wa hesabu, hatua ikikosekana anajua. Nikarudi nyuma, nikasoma yote, sauti inakatika. Nilipomaliza akauliza miezi mingapi. Nikasema tisa. Akahesabu ya kwake kwa vidole juu ya shuka. Akasema zima taa.

Alfajiri nikamkuta barazani kavaa koti lake la safari, cheti cha hospitali mkononi. Walimpasua. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Tulikaa naye mwaka mmoja na miezi miwili.

Jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo ni hili: kitabu kile nilikuwa nimeshakisoma peke yangu kwenye zamu za usiku miezi mitatu kabla. Ukurasa ule niliujua. Ningeweza kumsomea siku ya kwanza.

Jembe Halimtupi
Dah. Pole sana dada. Sina la kuongeza.

Mizizi na Majani
Pole dada, Mungu amrehemu mzee. Ila naomba tusizibebeshe dawa za asili lawama. Bibi yangu ametibu watu miaka hamsini.

Kijana wa Makambako
Mkuu huu si wakati wake. Dada wa watu anaeleza msiba wewe unatetea chupa.

Mizizi na Majani
Natetea ukweli. Hospitali hawafi watu?

Kijana wa Makambako
Wanafa. Ila bibi yako akikutana na uvimbe wa utumbo anatakiwa aseme nenda hospitali, asiseme ongeza kikombe.

Mizizi na Majani
Na ndivyo anavyosema. Hujamjua bibi yangu.

Tabibu Mstaafu
Tulieni wote. Dada, nakwambia kama mtu wa kazi moja nawe. Hata kwa Jobs hakuna anayeweza kuapa kwamba miezi ile tisa ndiyo iliyomuua. Aliishi miaka saba baada ya upasuaji, 2009 akapandikizwa ini, akafa Oktoba 2011, na madaktari wenyewe wanabishana. Miezi mitatu yako hakuna mzani wa kuipima. Ulimsomea, na aliamka akavaa koti.

Dada wa Zamu
Ahsante, baba.

Msomaji wa Kihonda
Dada, nimeisoma mara mbili. Pole. Uzi ni wako sasa, ukitaka kuongeza ongeza.

Ajenti wa Kituo
Mimi naandika kutoka Nakuru. Poleni kwanza.

Wangu ni Lyndon Johnson, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Robert Caro ameandika juzuu nne juu ya mtu huyu mmoja, ya kwanza 1982, ya nne 2012. Nilifunga ile ya pili, pale kwa uchaguzi wa 1948. Kinyang'anyiro cha chama kule Texas, tiketi ya Seneti, kura karibu milioni moja, na Johnson anashinda kwa kura 87. Siku sita baada ya uchaguzi, mji mdogo unaitwa Alice, Sanduku nambari 13 linaongezeka kura 202. Majina ya mwisho yameandikwa kwa wino mmoja, mkono mmoja, na yamefuatana kwa alfabeti. Kura 200 za Johnson, 2 za mpinzani.

Niliwahi kuwa ajenti. Saa tisa usiku fomu ililetwa niweke sahihi kabla hatujamaliza kuhesabu sanduku la mwisho. Nikaweka. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, na gari la kunirudisha nyumbani lilikuwa linangoja nje. Hakuna aliyenigusa wala kunipa shilingi. Niliposoma kuhusu wino ule niliona mkono wangu mwenyewe.

Na bado kuna hili linalonisumbua. Johnson huyo huyo ndiye alitia sahihi sheria ya haki za raia 1964, na tarehe 6 Agosti 1965 ile ya haki ya kupiga kura, watu weusi wa Kusini wakapata kuandikishwa. Bila zile 87 pengine hangefika hapo. Nisaidieni.

Kijana wa Makambako
Wizi ni wizi. Na Vietnam je? Vijana wangapi?

Mwana wa Unguja
Lakini bwana, mwanamke wa Mississippi aliyepata kadi yake ya kura 1965, nenda kamwambie irudishwe kwa sababu ya Sanduku 13.

Kijana wa Makambako
Kadi ilipatikana kwa damu ya watu walioandamana Selma. Johnson alitia sahihi tu.

Ajenti wa Kituo
Hiyo ni kweli pia.

Mama Wawili
Swali langu, kwa nini Wamarekani tu? Wetu hawana maisha?

Msomaji wa Kihonda
Wanayo dada. Ila wasifu mwingi wa wakubwa wetu unaandikwa na aliyekula mezani kwao, mtu anazaliwa mwema anakufa mwema. Caro alihamia Texas akaishi huko miaka mitatu ili watu wamzoee waseme. Ndiyo maana nakuja kujisoma kwenye maisha ya Malcolm, mtu wa Omaha. Ningependa iwe vingine.

Tabibu Mstaafu
Ushauri kwa vijana: anza na tawasifu, umsikie mtu kwa sauti yake, ndipo umsome aliyemchunguza.

Ngumi Jiwe
Mimi nasema kinyume. Anza na mchunguzi. Ukishampenda mtu kwanza, huwezi tena kusikia mabaya yake.

Mama Wawili
Anzeni na aliyeandikwa na mtoto. Lisa wa Jobs ameandika chake 2018. Huyo ndiye alikaa naye meza moja.

Mizizi na Majani
Dada wa Zamu, nimempigia bibi nikamsomea ulichoandika. Kaniambia nikupe pole yake, na anauliza kitabu kile ulikimaliza na mzee?

Dada wa Zamu
Mshukuru bibi. Hatukukimaliza. Alisema mwisho wake anaujua, akaniomba tuanze upya kutoka pale Jobs yuko mdogo, gereji kwa yule baba aliyemlea, akifundishwa kwamba hata upande wa nyuma wa kabati usioonekana unapigwa randa vizuri. Hapo alinirudisha mara nyingi.

Ajenti wa Kituo
Kuna mtu Dar au Nairobi ana juzuu ya tatu ya Caro aniazime? Nitalipia basi kwenda na kurudi.