Ukoo wa Bibi: fulana za Jumamosi

Dada Mkubwa: Asalaam aleykum jamani. Fundi katuma sampuli ya fulana. Mbele: WERE ONE FAMILY. Nyuma: EVERY TREE HAS IT'S ROOTS. Anachapa leo saa kumi na mbili jioni. Someni mseme SASA.

Dada Mkubwa: Mnasoma na kupita tu. Hata "sawa" hakuna?

Binamu wa Chuo: hiyo kijani si sare ya shule kabisa 😂

Dada Mkubwa: Rangi ilishapita. Maneno!

Mjomba Mwalimu: Mzuie fundi. WERE bila ritifaa, ile alama ya ('), ni "tulikuwa". Hapo mmeandika "tulikuwa familia moja". Inatakiwa WE'RE, yaani we are. Ile a imeondoka, alama inakaa mahali pake.

Shemeji: 😂😂😂 ukoo umevunjwa na fundi

Baba Mdogo Muheza: Fundi kasema kweli. Arobaini ya kaka tulikuja kuisikia kwa majirani.

Dada Mkubwa: Baba mdogo, hilo si lilikwisha?

Baba Mdogo Muheza: Mlilimaliza nyinyi.

Mjomba Mwalimu: Na nyuma pia. IT'S ni it is. Its ya kumiliki haina alama, sawa na his na yours. Watu wanateleza kwa kuwa wamezoea mother's, father's.

Binamu wa Chuo: mjomba, mbona ng'ombe ina alama na hakuna herufi iliyotoka

Mjomba Mwalimu: Ile ni ya sauti, usije ukaisoma kama ng ya ngoma. Ya Kiingereza inakaa palepale herufi ilipotoka. Do not ni don't, kati ya n na t, siyo do'nt. Ni kama Bibi anavyosema n'takuja.

Shemeji: na won't? will not imepata wapi o?

Mjomba Mwalimu: Zamani will ilitamkwa pia woll. Ndiyo iliyobaki humo.

Dada Mkubwa: Darasa baadaye mjomba! Saa kumi na moja hii.

Shangazi: Si waandike WE ARE kamili yaishe?

Dada Mkubwa: Haienei kifuani shangazi, herufi zitakuwa ndogo mno.

Binamu wa Chuo: Bibi kanipa simu, naandika anavyosema: "Herufi za Kizungu sizijui. Ila nguo inayosema tulikuwa, kwangu haiingii. Na wewe wa Muheza, usingoje Jumamosi. Njoo Ijumaa, ulale hapa. Hilo la arobaini nitalisema mimi mwenyewe, na wote wawepo."

Mjomba Mwalimu: Shikamoo Mama. Tumesikia.

Shangazi: Sawa Mama.

Dada Mkubwa: Marekebisho nimeshamtumia fundi. Baba mdogo, Muheza niandike fulana ngapi?

Mama Pacha: Samahani nilikuwa kazini. Kwetu XL mbili. Kuna nini?

Dada Mkubwa: Panda juu usome. Baba mdogo?

Baba Mdogo Muheza: Nitaongea na Mama kwanza.

Binamu wa Chuo: sampuli mpya imekuja. WE,RE

Mjomba Mwalimu: Huo ni mkato. Aipandishe juu.

Binamu wa Chuo: na nyuma kaweka ITS'

Mjomba Mwalimu: Hiyo haipo kabisa katika Kiingereza. Aifute alama yote.

Shemeji: nyuma paachwe wazi basi

Dada Mkubwa: Hapana, mizizi ndiyo aliyoitaka Bibi. Nampigia fundi, hapokei. Aliye karibu na duka lake apite. Baba mdogo, bado nangoja idadi.